Kabla Hujaongeza Skripti Nyingine, Fungua Tovuti Yako kwa Simu ya Bei Rahisi

Niliwahi kutengeneza fomu ya kuombea nafasi katika chuo kimoja cha ufundi. Kwenye kompyuta yangu ilifunguka mara moja, nikaikabidhi nikiwa na furaha. Wiki hiyohiyo mpwa wangu, aliyekuwa akiomba chuo hicho kutoka Masasi, akanipigia simu: "Mjomba, mbona naona cheupe tu?" Alijaribu mara nne. Bando lake la siku likaisha kabla hajaiona hata hiyo fomu.

Nilikuwa nimeijenga yote kwa React, zana ya kujengea kurasa kwa JavaScript, fomu ya visanduku 11! Seva ilituma ukurasa mtupu, kisha zaidi ya megabaiti 2 za JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, ndizo zije kuuchora. Zikikwama njiani, mwombaji haoni kitu.

Wengi wetu hatukufundishwa kwamba kilobaiti 300 za JavaScript si sawa na kilobaiti 300 za picha. Picha ikishafika, kivinjari huifungua na kuionyesha. Skripti, yaani faili ya JavaScript, lazima isomwe, ichambuliwe, ndipo itekelezwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hukaa foleni moja na kazi ya kuitikia vidole vya mtumiaji. Ndiyo maana mtu anabonyeza kitufe na ukurasa umeganda. Simu yenye kichakataji dhaifu huumia zaidi, hata mtandao ukiwa mzuri.

Wapo wanaosema siku hizi JavaScript inafanya kazi kwa kila mtu. Mwaka 2013 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilipima jambo hili kwenye tovuti yao, ikakuta 1.1% ya wageni hawakupata JavaScript. Waliokuwa wameizima, au vivinjari vyao haviiwezi, walikuwa 0.2% tu. Wale 0.9% waliobaki vivinjari vyao vilikuwa vizima. Skripti ndiyo haikufanya kazi. Yaani ni watu kama mpwa wangu, ambao hawakuchagua chochote.

Niliiandika upya fomu ile kwa HTML ya kawaida, lugha ya msingi ya kuandikia kurasa za wavuti. Neno "required" linazuia kisanduku kuachwa wazi, "type=date" inaleta kalenda ya simu yenyewe, na maelezo marefu nikayafunika kwa "details". Seva inakagua kila kitu tena, kwa sababu ukaguzi wa kivinjari peke yake hautoshi. JavaScript nikaibakizia kazi moja, kutunza rasimu mtandao ukikatika. Ikikosekana, fomu bado inatumwa.

Sisemi React itupwe. Ukitengeneza ramani ya kusogeza na kukuza kwa vidole au chombo cha kuhariri picha, itumie bila wasiwasi. Ninachopinga ni kuanza nayo hata pale ukurasa una maandishi, picha tatu na namba ya simu.

Ukitaka kuanza leo, zima JavaScript kwenye kivinjari chako, kisha jaribu kufanya jambo kuu ambalo watu hulifuata kwenye tovuti yako. Halafu chukua simu halisi ya bei ya chini, weka bando dogo, ukae mahali mtandao unaposumbua, ujaribu tena. Kagua pia skripti za matangazo na za kuhesabu wageni. Mara nyingi ziliwekwa na mtu aliyekwisha ondoka, na hakuna anayesoma takwimu zake. Hizo ndizo za kung'oa kwanza.