Kabla hujaacha kazi uje kulima nyanya

Kila msimu napokea simu ya aina moja. Mtu yuko Dar es Salaam, amechoshwa na foleni na bosi, ameona picha ya nyanya nyekundu zimejaa kwenye matenga, sasa anataka kuja huku Ilula, mkoani Iringa, kulima. Simkatishi tamaa. Kilimo ndicho kinachonilisha, na ningefurahi tuwe wengi. Ila namwomba kwanza aache kulipamba shamba.

Kupamba huanzia kwenye hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, inaingia miche 13,000 na ushee. Kila mche ukupe kilo 3, kilo uuze shilingi 500, tayari una zaidi ya milioni 19 kwenye karatasi. Kuzidisha kuko sawa kabisa. Shida ni kwamba hesabu hiyo haina mche uliokufa, haina kibarua anayedai, wala siku ambayo soko limejaa.

Na soko hujaa. Wakati wa kiangazi, kila mwenye mashine ya kumwagilia analima, mizigo inafika mjini kwa pamoja na bei inaanguka. Nyanya iliyoiva haikusubiri upige simu kwa madalali watatu; ama unaiuza leo kwa bei wanayotaka, ama inaoza. Bei nzuri mara nyingi huja kwenye mvua, na huja kwa sababu mvua imeleta ugonjwa wa ukungu na mashamba mengi yamekufa. Kwa hiyo ukisikia tenga limepanda bei, jua kuna majirani waliopoteza shamba zima ndipo likapanda. Hao hawapigi picha.

Halafu kuna kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini, na hapa nchini aliripotiwa mwaka 2014. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, ndiyo maana dawa unayopulizia juu inaweza isimguse. Akizoea dawa moja, unabadilisha, na kila chupa ni hela. Nimeona shamba la kijani likigeuka kama limepitiwa na moto, mwenyewe amesimama pembeni na bomba la dawa mgongoni. Mtu anayesema kilimo ni maisha ya utulivu hajawahi kukaa na mkulima jioni ya siku hiyo.

Nakipenda kilimo, na nakipenda pamoja na hayo yote. Kinachoniumiza ni kuona kijana mwenye akili na nguvu anaingiza akiba yake yote msimu wa kwanza, anapigwa, anaondoka akiapa kwamba ardhi ni laana. Angekuja akijua, huenda angekuwa jirani yangu hadi leo.

Kwa hiyo, kama una nia, usije wakati wa mavuno. Njoo Februari, mvua zikiwa zimekolea, ulale kijijini siku kadhaa, ushike bomba mwenyewe. Muulize mwenyeji wako msimu gani alipata hasara na alilipa vipi madeni. Mtafute pia aliyeacha kabisa kulima nyanya. Huyo atakuonyesha mahali hela inapovuja kuliko mimi ninayeendelea. Anza na robo ekari, mshahara wako ukiwa bado unaingia, na uwe na mtu wa kukaa shambani kila siku, maana nyanya hazihudumiwi kwa simu. Mtaji wa dawa utenge pembeni kabla hujasia mbegu kitaluni. Na kabla ya kukodi shamba, nenda kauangalie mto mwezi wa kumi, uone kama bado una maji.