Jibu: Barua za Wilbur Wright kwa Chanute kuhusu usawa wa ndege

Mkuu, umeuliza kama barua hizi za Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili waliounda ndege ya kwanza yenye injini, kwa Octave Chanute zina la maana kuhusu ndege kutulia hewani. Zinalo, na anza na ile ya 13 Mei 1900. Wilbur anaeleza alivyowatazama tumbusi: upepo ukimlaza mmoja upande, husokota ncha za mabawa na kukaa sawa tena. Humo humo anamkosoa Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa yasiyo na injini, kwamba katika miaka 5 aliruka kama saa 5 tu kwa jumla. Nani atajifunza kwa muda huo? Ndiyo maana Wilbur alipanga mnara wa futi 150, kamba ya kushikilia chombo chake kama tiara ipite kwenye kapi juu yake, afanye mazoezi kwa saa nyingi.

Chanute, mhandisi mzee, alitaka chombo kijisawazishe chenyewe. Wilbur aliona hiyo ni kazi ya rubani. Hapo ndipo utamu wote ulipo, soma taratibu.

Za 1910 zinauma: wawili hao wanazozana nani alitangulia na wazo la kusokota mabawa ya chombo ili kikae sawa. Mei, Chanute aliandika kwamba anatumaini watarudisha uhusiano wao atakaporejea kutoka Ulaya. Alifariki Novemba mwaka huo.