Hati Kabla ya Rangi: Majibu kwa Wanaouza Nyumba Mombasa

Swali (msomaji wa Tudor): Ninataka kuuza nyumba yangu haraka. Nipake rangi gani nje ili ivutie?

Jibu: Swali hili limenifikia mara nyingi mno tangu masika yaanze, na kati ya wote wanaoliuliza hakuna hata mmoja anayetaja hati. Nyeupe itatosha. Sasa nami nikuulize: hati miliki iko kwa jina la nani? Kodi ya kiwanja ya kaunti umelipa hadi mwaka gani? Na ikiwa hiyo ni nyumba ya ndoa, mwenzio ameridhia kwa maandishi? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya namna hiyo iuzwe bila ridhaa ya mke au mume, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja wao tu. Wakili wa mnunuzi atayauliza haya yote kabla mteja wake hajatoa shilingi, na hapo ndipo mauzo hukwama huku nyumba ikiwa inang'aa kama bibi harusi.

Swali (msomaji wa Mji wa Kale): Nyumba yetu ya mawe imebambuka chokaa upande wa chini. Fundi anataka kupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta kabla ya wanunuzi kuja. Tumruhusu?

Jibu: Msimamisheni leo hii. Kuta za matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena, na ndiyo maana zimesimama miaka yote hiyo kando ya bahari. Mkiziziba kwa saruji, maji hubaki ndani, hupanda juu yakiwa yamebeba chumvi, na hatimaye huzifikia ncha za boriti zilizoingia ukutani zikaanza kuoza. Niliwahi kufuatana na mnunuzi kuangalia nyumba iliyopakwa rangi wiki hiyo hiyo. Aliubonyeza ukuta wa sebule kwa dole gumba, rangi ikapasuka kama ganda la yai, na unga mweupe wa chumvi ukamjaa kwenye ukucha. Hakupanda hata ghorofani. Kwangueni plasta iliyokufa, tafuteni maji yanatoka wapi (mara nyingi ni bomba la bafu au shimo la choo lililo karibu mno), acheni ukuta ukauke wakati wa kaskazi, kisha rudishieni chokaa. Msisahau kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi bila kibali. Na mlango wa nakshi msiung'oe mkauuza kando, maana nyumba isiyokuwa na mlango wake imekwisha kupoteza nusu ya heshima yake.

Swali (msomaji wa Bamburi): Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Niwaambie wanunuzi?

Jibu: Wataonja. Waambie.

Swali (msomaji wa Majengo): Nyumba ni yangu lakini ardhi ina mwenyewe, nami humlipa kodi ya kila mwezi. Dalali anasema tutangaze "nyumba inauzwa" bila maelezo mengine.

Jibu: Dalali huyo anakutafutia kesi. Unachouza ni jengo pamoja na nafasi ya kuendelea kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo kabla hajavua viatu mlangoni. Kusanya stakabadhi zote za kodi ya ardhi, kisha umwendee mwenye ardhi mapema, umuulize kama atampokea mpangaji mpya na kwa masharti gani. Usipoteze muda na wanunuzi wanaotegemea mkopo, kwa sababu benki haitakuwa na hati ya kuishika rehani.

Swali (msomaji wa Nyali): Nimeambiwa kodi zote za mauzo hulipwa na mnunuzi. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo ni yako wewe, na tangu Januari 2023 imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Ikiwa umekaa mwenyewe katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia mauzo, sheria inakusamehe. Weka na risiti za ukarabati, kwa kuwa kodi hutozwa kwenye faida, si kwenye bei nzima.

Swali (msomaji wa Kisauni): Baba amefariki. Sisi watoto tumekubaliana kuuza nyumba, isipokuwa ndugu yetu aliye Muscat hajajibu. Tuanze kuisafisha?

Jibu: Poleni kwa msiba. Kusafisha safisheni, lakini kuuza hamuwezi. Nyumba ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe barua ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha, na kuthibitishwa huko kwa kawaida husubiri miezi 6. Kuingilia mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai, na kukubaliana kwenu sebuleni hakulifuti. Mpigieni ndugu yenu simu, msimtumie ujumbe tu. Kwa sasa fungueni madirisha kila asubuhi nyumba isije ikanuka uvundo, na msipokee arubuni ya mtu yeyote.