Barua ya benki ipeleke mwenyewe

Wadogo zangu mnaotoka chuo cha uhasibu Njiro au Ushirika Moshi na kuingia ofisi za ukaguzi wa hesabu, karibuni. Wiki ya kwanza mtapewa fomu ya kutamka kwamba hamna undugu wala maslahi na mteja. Mimi niliisaini bila wasiwasi. Mwezi haujaisha, nikamkabidhi mhasibu wa mteja kazi yangu, tena kwa nia njema kabisa.

Ilikuwa kampuni ya utalii hapa Arusha. Kwenye mizania yao (orodha ya mali na madeni) amana ya muda maalumu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko mali nyingine zote. Nikaandaa barua ya kuiomba benki ithibitishe salio. Mhasibu wao, kaka mkarimu aliyetuagizia ndizi nyama kila mchana, akasema, "Lete, mdogo wangu, napita Mnara wa Saa sasa hivi." Kesho yake barua ikarudi na saini na muhuri. Nikaitia kwenye faili, nikaweka tiki.

Jioni kiongozi wa timu akafungua faili.

"Barua hii ilikwenda na nani?"

"Na mhasibu wao, dada."

"Ikarudi na nani?"

Nikanyamaza. Hakunifokea. Alichapa barua nyingine, tukashuka wote kwa miguu hadi benki, tukaomba jibu lije moja kwa moja ofisini kwetu. Lilikuja baada ya siku tisa. Salio lilikuwa lilelile, ila chini yake palikuwa na mstari ambao kwenye barua ya kwanza haukuwapo: amana imewekwa dhamana ya mkopo. Huo mkopo haukuwa popote kwenye vitabu vyao.

Tangu siku hiyo naielewa Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, kwa namna nyingine. Ilianguka Juni 2020, baada ya euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye benki mbili za Ufilipino kukosekana. Benki zenyewe zilisema nyaraka zilikuwa za kughushi. EY, wakaguzi wao, ilikuwa imewapa hati safi mwaka baada ya mwaka.

Ugumu wetu unaanzia kwenye malipo. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, analindwa na ibara ya 143 ya Katiba: katika kazi yake halazimiki kufuata amri ya mtu yeyote. Sisi wa sekta binafsi tunalipwa na haohao tunaowakagua. Mwaka 2000 kampuni ya ukaguzi Arthur Andersen ilipata kutoka Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka mwaka uliofuata, dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi nyingine, ushauri ukiwamo. Nani angeuhatarisha mlo huo? Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 2002 ilikataza kazi nyingi za pembeni kwa mteja unayemkagua, na kumtaka mbia anayeongoza ukaguzi apishe baada ya miaka mitano. Ulaya, tangu 2016, kampuni nzima ya ukaguzi hupishana, kwa kawaida kila miaka 10. Naziunga mkono sheria hizo, lakini zinalenga hasa kampuni kubwa.

Huku kwetu tatizo linalonikera zaidi ni ofisi ndogo kumwandikia mteja vitabu Januari, kisha kuvikagua Aprili. Hiyo ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Ukipangiwa kazi zote mbili, sema. Sema mapema, kwa adabu, na uandike kwenye karatasi zako za kazi kwamba ulisema. Bodi ya wahasibu, NBAA, ikija kukagua ubora wa kazi, inasoma mafaili.

Chakula cha mchana beba au nunua mwenyewe. Bahasha ya "nauli" irudishe palepale, mbele ya mwenzako.

Na mkienda Moshi kuhesabu kahawa ghalani, msikubali magunia mliyochaguliwa. Mwenye ghala atakuonyesha safu ya mbele, iliyopangwa vizuri, na kukuhimiza muwahi kabla ya mvua. Omba ngazi, panda juu ya rundo, uone kama katikati pamejaa au pana shimo. Kisha taja mwenyewe gunia la kushushwa, lifunguliwe na lipimwe ukiwa umesimama kando ya mizani.