Matofali ya mbao kwa mtoto wa miaka 3
Umeuliza umnunulie mwanao kichezeo gani, maana gari la kuchezea la betri limemchosha ndani ya siku mbili. Si ajabu: linajiendesha lenyewe, mtoto anabaki mtazamaji. Mimi ningeenda kwa seremala anitengenezee matofali ya mbao ya kujengea.

Mwombe mabaki ya mbao kavu isiyotiwa dawa. Apige randa hadi unene wa sentimita 3.5 na upana wa 7, kisha akate urefu wa aina tatu: 7, 14 na 28. Vipimo hivyo visibadilishwe, maana vifupi viwili vinalingana na cha kati kimoja, na mtoto huligundua hilo kwa mikono yake kabla hajajua kuhesabu. Anza na vipande 40, nusu yake viwe vya kati. Ukimpa 10 tu, mnara unakwisha kabla wazo halijakolea.

Kosa la kawaida ni fundi kuchora mistari yote kwa mpigo. Msumeno wa umeme unakula karibu milimita 3 kila mkato, hivyo vipande vinapishana urefu, mnara unainama na mtoto anakata tamaa. Apime upya kila baada ya mkato.

Msasa namba 80, halafu 120, hasa kwenye pembe. Rangi usipake, baadhi zina madini ya risasi na mtoto hutia kila kitu mdomoni. Vikichafuka, futa kwa kitambaa chenye unyevu, usiviloweke, vitapinda.

Na tafadhali, usimwambie ajenge nini.