Kabati la bunduki kwenye nyumba ya kupanga: toboa sakafu kwanza

Usinunue bado! Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili na moyo umenienda mbio. Unatafuta kabati la chuma la bei nafuu la kuwekea bunduki mbili za uwindaji alizoacha mzee wako, unauliza lipi bora kati ya kufuli la funguo na la namba, unauliza habari za kutu, halafu katikati umepitisha kijisentensi: "nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo sitatoboa vigae." Hicho ndicho kilichoniponza mimi, hapahapa Lubumbashi.

Langu nililinunua mjini kwa dola 180, la kijivu, urefu mita moja na nusu. Nikamuuliza muuzaji yale matundu manne ya chini ni ya nini. Akalipiga kabati kofi la ubavuni, likalia, akasema: "Baba, hii ni kilo 40, nani ataiinua?" Kilo 40! Mfuko wa saruji ni kilo 50, na vijana wanaupakua begani kutwa nzima, mmoja mmoja. Mtu anayeuza makabati ya silaha hajui hilo? Alijua. Alitaka niondoke na mzigo siku ileile, nisije nikaenda kuuliza bei kwa jirani yake. Nami nikamwamini, kwa sababu sikutaka maneno na mwenye nyumba. Zile buloni (bolti) nne za kulifungia sakafuni nikazitia kwenye droo ya jikoni, hata mfuko wake wa nailoni sikuufungua.

Tukaenda matanga Likasi, tukalala usiku mmoja tu. Tuliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa umeng'olewa. Chumbani, pale kabati liliposimama, palibaki mraba wa vigae visafi, na kutoka hapo mistari miwili ya mikwaruzo ikapita kwenye korido hadi nje. Kufuli hawakuligusa. Kufuli lile lile nililoongezea pesa ili liwe zuri! Walibeba kabati zima wakaenda kulifungulia kwao, kwa muda wao, mahali ambapo hakuna jirani wa kusikia kelele.

Dola 180 nimezisahau. Bunduki yenye namba iliyoandikwa kwenye kibali changu imo mikononi mwa watu nisiowajua. Polisi niliandikisha maelezo, nikarudi nyumbani, nikaitwa tena, nikarudi tena. Kila redio ikisema mtu kapigwa risasi usiku, naongeza sauti nisikie ni mtaa gani. Mke wangu aliacha kuiwasha asubuhi. Haijapatikana mpaka leo.

Sasa shika hesabu ambayo muuzaji hatakupa. Mita moja ya mraba ya tole, yaani bati la chuma, yenye unene wa milimita 1 ina karibu kilo 8. Kabati la mita 1.5 kwa sentimita 30 kwa 30 linakula karibu mita 2 za mraba. Kwa hiyo tole ya milimita 1 inakupa kabati la kilo 16, ya milimita 2 kilo 31, na ya milimita 3 kilo 47, ukiacha kufuli na bawaba. Hata hilo la milimita 3 watu wawili wanaondoka nalo. Kabati la bei yetu sisi halijilindi kwa uzito, linalindwa na sakafu iliyolishika.

Toboa betoni (zege) ya chini. Ukuta peke yake usiutegemee, matofali yetu mengi ya kuchoma ni laini na buloni inazunguka tu ndani. Tumia buloni nne za kupanuka, zile zinazojitanua ndani ya tundu ukizikaza, za milimita 10 au 12, zikazwe kutokea ndani ya kabati, ili mlango ukifungwa asiwepo wa kuzifikia. Lisukume kwenye kona, kuta mbili zilibane, mtaimbo ukose pa kuingia. Na bunduki isiingie humo hata usiku mmoja kabla buloni hazijakazwa. Hata mmoja.

Funguo au namba, chagua unachopenda, mradi watoto wasijue. Risasi zikae mbali, kwenye sanduku lenye kufuli lake. Kama pesa ni kidogo, fundi wa kuchomelea pale komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, atakutengenezea; mwambie tole ya milimita 3, bawaba zifichwe ndani. Na ukaulizie kibali cha jina lako. Hapa Kongo (DRC) silaha ziko chini ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali cha mzee hakikufanyi wewe kuwa na kibali.

Kuhusu mwenye nyumba: mwambie siku ya kuhama utaziba matundu kwa saruji na kubadilisha vigae vinne kwa pesa yako. Wangu nilimwendea niliponunua kabati la pili. Alikubali kabla sijamaliza kusema.