Kabla hujaifuta Linux, sikiliza kompyuta inasema nini

Kompyuta ikigoma, jawabu la haraka utakalopewa ni moja: "Ifute, weka upya." Siku nzima inapotea, bando linakwisha, na tatizo liko palepale. Hapa Visiwani hitilafu nyingi zinazosingiziwa Linux, mfumo unaoendesha kompyuta kama ilivyo Windows, hazimo ndani ya Linux hata kidogo. Zimo kwenye chumvi ya hewa, unyevunyevu wa masika, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na umri wa mashine zenyewe, maana laptopu nyingi tunazonunua Darajani au Chake Chake ni mitumba.

Anza na saa. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `timedatectl`, utazame tarehe na mwaka. Kama kila ukiwasha mashine saa imerudi nyuma, betri ndogo ya ubaoni (ubao mkuu wa ndani ya mashine), ile ya duara mfano wa sarafu yenye namba CR2032, imekwisha. Ikiwa mpya hupima volti 3 na zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe bila kujiuliza. Athari zake haziishii kwenye saa. `apt`, amri ya kusakinisha na kusasisha programu, hukataa kusasisha na kusema faili la Release "is not valid yet", yaani kwa hesabu ya mashine faili hilo ni la siku ambayo bado haijafika. Kivinjari nacho hukataa kufungua tovuti, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinasomeka kama si halali. Mtu hulaumu mtandao wa simu, na mtandao hauna kosa. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo imevikwa plastiki na ina nyaya mbili zenye kichomeko kidogo. Nunua yenye nyaya zake. Kuitia lehemu betri tupu kwa moto wa pasi ni hatari, inaweza kupasuka.

Katika mashine nyingine, betri hiyo ikifa, mipangilio ya BIOS (programu ya ubaoni inayoamka kabla ya Linux) nayo hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye Dell nyingi hapo diski hurudishwa kwenye hali iitwayo RAID On, na ukiwa na diski ya NVMe, ile ya kisasa mfano wa kipande chembamba, Linux haiioni tena. Diski ni nzima kabisa! Ingia BIOS kwa F2, tafuta SATA Operation, weka AHCI, hali ambayo Linux inaielewa. Ikiwa mashine ina Windows pia na iliwekwa chini ya RAID, usibadilishe ovyo, itashindwa kuwaka.

Na muda ukipishana kwa saa 3 kamili kati ya Windows na Linux, usiguse betri. Linux huweka saa ya ubaoni kwa wakati wa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama wakati wa hapa, na sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Andika `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, yamekwisha.

Tuje kwenye umeme. Ukikatika wakati mashine inaandika kwenye diski, ukiwasha tena unaweza kukuta skrini nyeusi na neno `(initramfs)` likikusubiri. Wengi hapa ndipo wanapofuta kila kitu, na picha za harusi na hesabu za duka zinakwenda nazo. Andika `exit`, ubonyeze Enter. Mashine itataja sehemu ya diski yenye kasoro, mathalani `/dev/sda2`. Kama data iliyomo ni ya thamani, simama kwanza. Washa kwa flashi yenye Linux ya majaribio, sakinisha `smartmontools`, zana za kupima afya ya diski, kisha andika `sudo smartctl -A /dev/sda`. Tazama mistari ya namba 5, 197 na 198, safu ya mwisho kulia. Yote ikiwa sifuri, diski haijaonesha vidonda: rudi kwenye `(initramfs)` ukaandike `fsck -f -y /dev/sda2`, amri ya kurekebisha mpangilio wa faili, halafu `reboot`. Namba 197 ikiwa na chochote, kuna vipande vya diski visivyosomeka, na `fsck` ya pupa inaweza kuzidisha madhara. Nakili kwanza diski nzima kwenye diski nyingine kwa `ddrescue`, programu ya kuokoa data ya diski mbovu, matengenezo yafanyie kwenye nakala. Namba 199 ikiwa inapanda siku hadi siku, kosa kwa kawaida si la diski, ni la waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao, au kichomeko chake. Waya mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na diski.

Sasa kutu, ambayo ndiyo adui mkubwa wa watu wanaoishi karibu na bahari. Dalili zake zinadanganya: leo programu inajifunga yenyewe, kesho mashine inaganda, keshokutwa inalia mlio na skrini haiwaki. Mara nyingi ni ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haigusani vizuri na tundu lake.

Zima mashine, chomoa chaji, toa betri kubwa au chomoa waya wake ubaoni, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu kilichounganishwa na ardhi kabla ya kutia mkono ndani. Tanua vibanio viwili vya pembeni kwa vidole viwili. Kipande cha ramu kitainuka chenyewe kwa mshazari. Yatazame meno yake ya dhahabu mwangani: yaliyo salama yanang'aa sawasawa, yaliyoshikwa yana ukungu wa kahawia au vidoti vya kijani. Sugua taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, kutoka juu kuelekea ukingoni, si kwenda na kurudi. Pangusa unga wa raba wote mbali na mashine, halafu futa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya asilimia 70 ina maji karibu theluthi, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Tundu lenyewe lipige brashi laini kavu. Usilipulize kwa mdomo, mate yana chumvi. Subiri dakika 15 likauke.

Rudisha kipande kimoja tu. Sakinisha `memtest86+`, programu ya kupima ramu, ikiwa haimo, uichague kwenye menyu ya GRUB (orodha inayotokea wakati wa kuwasha), uiache imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Usiku ndio wakati wake mzuri. Kosa moja tu linatosha kukataa. Likitokea, hamisha kipande kwenda tundu la pili upime tena: kosa likifuata kipande, kipande kimekufa, likibaki kwenye tundu, tatizo ni la ubao. Jambo jingine linalosahauliwa: laptopu iliyotoka kwenye chumba cha kiyoyozi ikipelekwa moja kwa moja nje wakati wa joto, mvuke hugeuka matone ndani yake. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla hujaiwasha.

Waifai nitaipita haraka. `rfkill list` kwanza: ikisema Hard blocked, kuna swichi ubavuni au kitufe cha Fn kimezimwa, ikiwa Soft, andika `rfkill unblock all`. Baadaye `lspci -nnk`, utazame chini ya kadi ya mtandao kama upo mstari "Kernel driver in use". Usipokuwepo, draiva (programu inayoendesha kadi) haijapatikana, na kadi za kampuni ya Broadcom ndizo sumbufu zaidi. Ili kuipakua bila waifai, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huipokea bila kuhitaji kitu. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kadi nyingi za Broadcom hupona kwa `sudo apt install bcmwl-kernel-source`. Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaokataa programu zisizotiwa saini, ikiwa imewashwa utaulizwa nywila, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, uandike nywila ileile. Skrini hiyo haikai muda mrefu. Ikikupita, draiva itakataliwa kimyakimya. Irudishe skrini hiyo kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, uwashe upya, na safari hii usibanduke mbele ya mashine.